Slesi za Rangi Mbili

3 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Simu ya nyumbani nimeing'oa, kwa hiyo usihangaike kupiga. Kila ikilia, Baba alidhani ni king'ora cha kiwanda. Alikuwa anaamka, anavaa viatu vya kazi na kwenda zake. Juzi nilimkuta ameshavuka barabara. Sasa tutaandikiana. Kwenye karatasi angalau huwezi kuniambia mtandao umekatika.

Baba ameacha kula. Leo ni siku ya sita. Anakunywa chai, na supu vijiko viwili nikimbembeleza. Daktari amempima koo na tumbo, hakuona kitu. Alisema, "Mzee anajua anachokitaka. Mpeni." Anachokitaka ni ule mkate wa rangi mbili.

Wewe ndiye uliyeupa jina la punda milia. Mwokaji wa hapa mtaani kaniomba nimweleze ulivyokuwa, nikagundua nakumbuka nusu tu. Nilimwambia hivi: kiwandani walianza na unga mweupe, wakamaliza wakaingiza wa kahawia kwenye mashine ileile ya kufinyangia mikate. Unga mweupe uliobaki kwenye koo la mashine ulitoka pamoja na wa kahawia, na mikate miwili mitatu ya kwanza ikawa na rangi zote mbili. Haikuruhusiwa kuuzwa. Ilikuwa ya kupelekewa mifugo. Tanuri, mwenzake Baba wa kwenye moto, akiitoa aliitenga, na Baba akaupitisha mmoja kwenye visu vyake vya slesi, akautia mkobani. Basi. Ndiyo maana hauko dukani na haujawahi kuwa dukani.

Nimejaribu. Nilinunua mkate mweupe na wa kahawia, nikakata vipande kwa mkasi wa kazini na kuvipanga kwa mistari. Baba akashika slesi, akaigeuza, akasema, "Hii imeshonwa." Miaka ishirini na mitano mimi ni fundi cherehani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza ananitambua kwa kazi yangu.

Mwokaji naye amejaribu mara mbili. Upande wa kahawia ulitoka mgumu kama soli, mweupe ukapasuka. Anasema kuna ujanja ambao haujui. Aliyekuwa anaujua ni Tanuri.

Unajua kiapo cha Baba: maadamu yu hai, hakuna wa nyumba hii atakayemsemesha Tanuri wala kumkaribisha. Watu wawili tu kiwandani ndio waliojua kilichomo kwenye ule mkoba. Mmoja alifunguliwa mkoba getini akafukuzwa kazi baada ya miaka kumi na tisa. Wa pili, miezi miwili baadaye, akapandishwa kuwa mkuu wa zamu. Hata leo watu wa nyumba za kiwanda hawamwiti Tanuri, wanamwita Redio. Akipita wanasema, "Punguzeni sauti, imewashwa."

Nisipomwendea, Baba atakufa na njaa mbele ya macho yangu. Nikimwendea, nimevunja kiapo chake naye bado anapumua. Nimwendee au nisimwendee? Nijibu upesi.

Dada yako


14 Februari

Dada yangu, shikamoo,

Barua yako ilinikuta natoka zamu. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tunapiga pasi mashuka elfu mbili kwa siku. Ukitoka nje mwili hauna hamu ya kitu isipokuwa kukaa. Nilikaa kituoni nikaisoma.

Unasema unakumbuka nusu. Mimi nakumbuka yote. Mkate wa maziwa ulikuwa na karatasi ya bluu, slesi laini mpaka ukiibonyeza kidole kinaacha alama. Wa siagi, karatasi ya njano, ganda linang'aa juu. Wewe ulilibandua ganda kwanza ukala, kisha ukadai hujala kitu. Wa kahawia, karatasi nyekundu, ulikuna koo. Wa zabibu ulikuwa wa kijani, na tuligombana kwa sababu slesi moja ilikuwa na zabibu saba na nyingine mbili. Halafu ule mrefu wa mahotelini, slesi nyembamba za pembe nne, ambao tuliuonja tu siku visu vya Baba vilipoukata kombo. Karatasi zote zilipakwa nta. Mama alizitumia kufunika madaftari yetu, na darasa zima lilinuka mkate.

Hapa kuna rafu ya mikate ndefu kuliko ukumbi wetu. Nimeshanunua aina zote zilizokatwa slesi, moja baada ya nyingine, kwa miaka. Wa mbegu, wa shayiri, wa viazi. Upo mmoja wenye mistari miwili, siku nilipouona nililipa bila kuuliza bei. Kumbe ni kakao. Mtamu kama keki. Niliula wote nikiwa nimesimama jikoni, sijui kwa nini.

Nimechora slesi nyuma ya karatasi hii, mwonyeshe mwokaji. Mweupe haukuwa mistari kama ya punda hasa, ulikuwa unazunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Slesi ya katikati ndiyo iliyokuwa na mzunguko kamili.

Kuhusu yule mtu, nakushauri umwache. Ugomvi wa wazee waachiwe wazee. Tena baada ya miaka hii yote, huenda hata hayupo duniani. Mwokaji ajaribu tena kwa mchoro huu.

Ningekuja mwenyewe lakini likizo sina mpaka Mei.

Kitinda


25 Februari

Kitinda,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ni barua nzuri ya mikate. Mimi nilikuuliza habari ya mtu.

Mwokaji ameuona mchoro wako. Amesema sura anayo, anachokosa ni namna ya kuupika. Amejaribu mara ya tatu, Baba akaunusa na kuugeuzia uso ukutani.

Na yule mtu yupo. Kila Jumamosi namkuta kwenye kibanda cha mboga. Kila Jumamosi ananiuliza, "Binti, Msumeno hajambo?" Yeye bado anamwita Baba kwa jina la kazini. Mimi huchukua nyanya zangu nikampa mgongo. Jumamosi iliyopita muuza mboga alimwambia, "Mzee, husikii? Huyo hakutaki." Akajibu, "Nasikia. Lakini salamu haiozi."

Mkanda wa Baba nimeutoboa tundu jipya, la tatu. Leo asubuhi kaniuliza kama umerudi kutoka shule. Nikamwambia uko mbali, una kazi, una mvi. Akacheka. Akasema, "Slesi ya katikati msiiguse, ni ya Kitinda." Anakusubiri wewe mwenye miaka tisa, mwenye mkoba wa shule.

Mimi ndiye ninayemwosha. Wewe nakuomba neno moja tu: niende au nisiende?

Dada yako


6 Machi

Dada,

Nenda. Na ukifika msomee barua hii palepale mlangoni, kabla hujamwomba chochote.

Mzee Tanuri hakusema. Niliyesema ni mimi.

Darasani nilikaa nyuma ya binti wa msimamizi wa kiwanda. Alikuja na mkate wa maziwa uliopakwa jamu, kwenye kibati chenye kifuniko. Siku hiyo alinicheka kiraka cha kaptula. Nilikuwa na slesi mbili za punda milia mfukoni, nimezifunga kwenye karatasi ya bluu. Nikazitoa. Nikamwambia, "Baba yako ni bosi, lakini mkate huu kwenu haufiki. Baba yangu anautoa kiwandani, tunakula sisi peke yetu." Akaomba aonje. Nikamnyima kwanza, ili aombe tena. Akaomba tena. Nikamkatia ncha. Akala, akasema, "Nitamwambia baba na mimi aniletee." Nikamwambia, "Mwambie."

Siku nne baadaye Baba alifunguliwa mkoba getini.

Unakumbuka alivyorudi mchana, saa ambayo hajawahi kuwa nyumbani. Alikaa mezani na koti lake. Mama akamuuliza nani. Akasema, "Tanuri ameniuza." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilifungua mdomo. Mama akaanza kulia, na wewe ukaanza kulia, nikaufunga. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake vyombo vilikuwa vinapakiwa, nyumba ya kiwanda inatakiwa.

Nilipofika miaka kumi na mitano nilijiambia Baba amepata kazi nyingine, kwa nini nifukue makaburi. Nilipofika ishirini nilijiambia nitamwandikia nikishafika huku. Nilipofika thelathini sikujiambia kitu. Nilikuwa nimezoea. Niliwasikia watu wakimwita Redio, na siku moja, Dada, na mimi nilimwita hivyo. Tulikuwa vijana watano ukutani, yeye akapita na baiskeli. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Katika barua iliyopita nilikwambia huenda amekufa. Nilikuwa natamani iwe kweli.

Likizo ninayo. Siku ishirini na moja. Sijaziomba, kwa sababu najua nikija utaniambia niende nimlete.

Mwambie Baba pia, kama kuna saa anaelewa. Usimfiche kwa ajili yangu.

Kitinda


24 Machi

Kitinda,

Baba alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi. Tumemzika Ijumaa. Sikukupigia kwa sababu sikutaka kuisikia sauti yako. Sasa nakueleza kwa mpangilio.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tano, siku ya Jumamosi. Sikwenda kibandani. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwake, nikabisha. Alifungua akiwa na kitambaa cha vyombo begani. Anaishi peke yake, mkewe alishafariki. Nilisema shikamoo. Sijawahi kumwamkia tangu nina miaka kumi na minne. Akajibu marahaba kana kwamba nilimwamkia jana.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniambia nirudie pale pa shuleni. Nikarudia. Akauliza, "Mtoto alikuwa na miaka mingapi?" Nikasema tisa. "Na sasa?" Nikasema arobaini na mitatu. Akaniuliza tena, kama hakusikia, na nikajibu tena. Kisha akasema, "Ngoja nichukue aproni."

Jikoni kwangu aliitazama oveni akasema, "Hii ni oveni au sanduku la viatu?" Nikamwambia ndiyo iliyopo. "Basi tutaoka kiatu." Ujanja wenyewe ni mdogo. Unga wa kahawia unaumuka polepole, kwa hiyo unakandwa kwanza na kuachwa saa nzima peke yake ndipo mweupe ufuate. Kiwandani ilitokea hivyo yenyewe, kwa sababu wa kahawia ulikuwa umeshakandwa, unasubiri zamu yake kwenye mashine. Halafu kibati cha maji chini ya oveni, ganda lisipasuke. Mwokaji wetu alikuwa anazikanda rangi zote mbili kwa wakati mmoja.

Ulipopoa nikashika kisu. Akanizuia. "Mpe mwenye kazi."

Akaingia nao chumbani. Nilikuwa nyuma yake, nakumbuka kiapo. Baba alimtazama, akasema, "Tanuri! Mbona umechelewa? King'ora kimelia zamani." Tanuri akajibu, "Moto ulinisumbua, Msumeno." Nikamkalisha Baba, nikamwekea ubao mapajani. Mikono ile inayomwaga chai ilikata slesi kumi na moja. Baadaye nilizipima kwa tepu yangu. Zote sawa.

Alikula mbili. Alikula kama mtu mwenye kazi inayomsubiri. Ya katikati akaiweka pembeni ya sahani.

Nilimwambia, Kitinda. Uliniagiza, nikamwambia. Nilipiga magoti, nikasema, Baba, Tanuri hakukuuza, ni Kitinda alisema shuleni bila kujua. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu anayekueleza njia ya mji ambao huendi. Akasema, "Kitinda bado hajarudi."

Ndipo Tanuri akavuta kiti karibu. Akasema, "Msumeno. Una neno la kuniambia?" Aliuliza taratibu, kama aliyelikunja swali hilo siku nyingi. Baba akafikiri. Alifikiri kweli, niliona paji lake likikunjamana. Kisha akasema, "Mkate wa leo umeiva vizuri."

Tanuri akasema, "Ahsante." Akasimama, akatoka. Nilimkuta kwenye ngazi ya nje amekaa, aproni bado iko shingoni. Nikaanza kuomba radhi, kwa niaba ya Baba, yako na yangu. Akaniambia, "Binti, wewe acha. Amesahau kwamba alinikasirikia. Nilikuwa nasubiri anisamehe, au aniombe nimsamehe, lolote kati ya hayo mawili. Sasa amesahau. Nimrudie nani?"

Hata hivyo alirudi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila siku mkate, na kila siku Baba akamgombeza kwa kuchelewa. Alhamisi alipofika tulikuwa tumeshamfunika. Akauweka mkate mezani, akanisaidia kuhamisha kitanda.

Mazikoni alisimama nyuma. Wale wazee wa kiwandani waliobaki walisogea wamwachie nafasi, unajua ile ya kumkwepa mtu. Mmoja akasema polepole, "Punguzeni sauti." Nilikuwa na barua yako kwenye pochi. Nilipiga hatua mbele niwasomee. Tanuri akanishika mkono: "Si leo. Leo ni siku ya Msumeno."

Slesi yako ya katikati ilikaa sahanini siku tisa. Imeota ukungu. Nimeitupa.

Nilitafuta tusi la kukuandikia, nikakosa. Wewe ni mdogo wangu na nilikubeba mgongoni. Lakini miaka yote hiyo nilimpa mzee wa watu mgongo kwenye nyanya, na wewe ulikuwa unajua.

Ameniomba anwani yako. Nimempa.

Dada yako


2 Aprili

Kwako mtoto wa Msumeno,

Pole kwa msiba. Baba yako alikuwa fundi.

Mimi si mwandishi, nitasema machache. Dada yako alinisomea barua yako, baadaye akaniachia. Ninayo. Nimeisoma mwenyewe na miwani.

Mtoto wa miaka tisa simlaumu. Ningekuwa mimi mwenye kiraka na mkate kama ule, ningejisifu pia. Nilimuuliza dada yako umri wako mara mbili kwa sababu nilitaka kujua ni nani ninayemjibu. Namjibu mwenye ishirini, na mwenye thelathini, na yule aliyecheka ukutani. Siku hiyo niliwaona watano. Sikujua kama mmoja wao ni wewe, sikugeuka.

Ukuu wa zamu sikuuomba. Walinipa kwa sababu aliyekuwa mbele yangu aliungua mkono. Ningeukataa watu wangesema nimeona haya, nikaukubali watu wakasema nimelipwa. Niliufanya miaka kumi na sita, na hakuna mtu aliyekula chakula cha mchana meza moja na mimi. Walikuwa wakinyamaza nikikaa, kwa hiyo nilikuwa nakula nimesimama mlangoni pa tanuri. Wanangu wawili waliitwa Watoto wa Redio mpaka wakahama. Hawaji. Wanasema mtaa huu hawaupendi, na mimi nakubali kuwa sababu ni mtaa.

Dada yako anataka kuisoma barua yako mbele ya watu. Nimemwambia afanye anavyoona. Waliobaki ni wazee sita, wawili hawasikii. Watasema, kumbe. Watanipa mkono. Kesho yake wataniita Redio kwa mazoea.

Jambo moja ndilo limenifanya niandike.

Mke wangu aliishi na maneno hayo sokoni, kisimani, kila mahali. Hakuwahi kuniuliza. Miaka ishirini na saba hakuuliza, nikajua ananiamini, nikawa naishi kwa hilo. Wiki yake ya mwisho, pale hospitali, alinishika kidole akasema, "Sasa niambie. Sitamwambia mtu. Ulisema au hukusema?" Nikamwambia, "Sikusema." Alinitazama sana. Kisha akasema, "Sawa."

Nimeibeba ile sawa miaka saba. Naigeuza huku na huku. Kuna siku naisikia ni sawa ya mtu aliyeamini. Siku nyingi naisikia ni sawa ya mtu anayemwonea mwenzake huruma.

Barua yako ingefika wakati ule, ningeiweka mkononi mwake. Hicho tu.

Usiniombe radhi, na usije kwa ajili yangu. Kama unajua la kufanya kuhusu ile sawa, niandikie. Kama hujui, usiniandikie.

Tanuri